Maswali ya Wasomaji: Mwandishi akipotezwa vitani

*Toleo hili tumejibu barua nne zinazofanana: mwandishi wa habari ameshikwa au ametoweka penye mapigano, na wenzake au ndugu zake wanauliza wafanye nini.*

Mhariri, mtangazaji wa redio ya jamii tunayemfahamu alitoka studio jana jioni kwa pikipiki, hajafika kwao. Eneo lile lina mapigano. Sote tunampigia simu. Tuanzie wapi? – Msomaji, Mtwara

Poleni sana. Anzeni na hizo simu zenu. Mpigaji awe mmoja tu, kwa saa zilizopangwa, tuseme saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja usiku, na kila mara aandike daftarini alichokikuta: inaita haipokelewi, imezimwa, au mtu amepokea akanyamaza. Wakipiga watu arobaini kila mmoja kivyake, betri inakwisha na hakuna atakayekumbuka iliita kwa mara ya mwisho lini.

Mnaokaa karibu na Ruvuma mnamkumbuka Ibraimo Mbaruco, mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Alipotea jioni ya 7 Aprili 2020. Wenzake walibaki na ujumbe mfupi aliomtumia mmoja wao, kwamba amezungukwa na wanajeshi. Barua zilizoandikwa tangu hapo kumuulizia zinasimama juu ya ujumbe ule. Kwa hiyo, kama na ninyi kuna aliyepokea ujumbe, simu yake sasa ni kielelezo. Isiuzwe, isifutwe kitu, isitolewe laini. Picha ya skrini inawatosha magazeti. Wakili atataka simu yenyewe. Fungueni ujumbe uonyeshe tarehe na saa, kisha upigeni picha kwa simu nyingine huku *namba* ya mtumaji ikisomeka. Jina lililohifadhiwa kama "Bro Redio" halithibitishi chochote mbele ya hakimu.

Tafuteni boksi la simu ya aliyepotea. Ubavuni pana IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15. Wakili aiandikie kampuni ya simu leo hii, ataje namba ya laini na hiyo IMEI, aombe rekodi zihifadhiwe. Kampuni haitawapa rekodi zenyewe bila amri ya mahakama au ombi la polisi, na msipoteze siku kubishana nayo. Lengo la barua ni zisifutwe wakati mnahangaika na mahakama. Wakati huohuo wasimamizi wa makundi ya WhatsApp ya kazini wamtoe, maana hamjui simu imeshikwa na nani. Mumtoe tu, mazungumzo yabaki.

Kisha polisi, hospitali, mochwari, gereza na kambi ya jeshi iliyo karibu, wakienda wawiliwawili. Polisi wa Tanzania watawapa RB, wa Kenya namba ya OB, yaani namba ya taarifa yenu katika kitabu cha kituo. Kwingineko ombeni chochote chenye namba. Wakigoma kuandika, pelekeni barua ya nusu ukurasa katika nakala mbili na muombe moja igongwe muhuri. Wakigomea hata muhuri, waliokwenda wote wawili wasaini nyuma ya nakala, waandike saa waliyofika na cheo cha aliyekuwa zamu. Karatasi hiyo iliyokataliwa itakuja kuwafaa, kama mtakavyoona hapa chini.

Tumechapisha mabango na alama ya mtandaoni isemayo "Mwachieni Huru". Mwenzetu mmoja anasema tumekosea. Kosa liko wapi? – Msomaji, Nairobi

Mwenzenu ana hoja, ingawa inategemea aliyeshikwa amefikia wapi.

Amade Abubacar alikamatwa Macomia, hukohuko Cabo Delgado, tarehe 5 Januari 2019 akiwahoji watu waliokimbia mashambulizi. Alishikiliwa kwanza katika kambi ya jeshi ya Mueda bila kuonana na wakili wala familia, baadaye akahamishiwa gereza la huko Pemba, na akaachiwa kwa masharti 23 Aprili. Mara ilipojulikana yuko wapi na nani anaye, "mwachieni" lilikuwa dai sahihi: lina mtu wa kulijibu, lina jalada, lina hakimu.

Aliyepotezwa hana jalada. Ndiyo maana ya kupotezwa katika sheria ya kimataifa: mtu ananyang'anywa uhuru na watumishi wa dola au watu wanaotenda kwa idhini yao, halafu dola inakana au inaficha alipo, naye anabaki nje ya ulinzi wa sheria. Ukiidai serikali imwachie mtu wa namna hiyo, msemaji wake anajibu kwa neno moja, "hatunaye", na habari yako imekufa siku hiyohiyo. Uliza maswali ambayo "hatunaye" hayayafuti. Kikosi gani kilikuwa doria kwenye barabara ile kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku? Kitabu cha mahabusu cha kambi kimekaguliwa na nani, lini? Polisi wamemhoji nani mpaka sasa? Mahakamani maswali hayo yanapewa nguvu na maombi ya kumleta mtu mbele ya jaji, yale mawakili wanayoyaita *habeas corpus*. Hata yakitupwa, mkuu wa kikosi atakuwa ameapa kwa maandishi kwamba hana mtu huyo, na kiapo hicho kina uzito siku shahidi akijitokeza.

Maneno mengine ya bango myapime vilevile. Kama mlichonacho ni ujumbe, semeni "aliandika kwamba amezungukwa na wanajeshi", msiandike "jeshi limemteka". Ukiongeza chumvi mara moja, wanaokupinga watalitumia kosa hilo miaka yote. Alama moja ya mwili au ya mavazi msiitangaze kabisa, familia iiweke moyoni. Matapeli watapiga, hilo msilitilie shaka: "nimemwona, tuma ya nauli." Mwulizeni habari ya alama hiyo kabla hamjatuma hata shilingi.

Mengine ni ya ratiba. Kumbukumbu ya Mbaruco inaangukia 7 Aprili, Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, sikukuu ya taifa yenye gwaride na hotuba. Habari yake siku hiyo inamezwa. Tafuteni na siku nyingine: 30 Agosti ni ya kimataifa ya waliopotezwa, 3 Mei ni ya uhuru wa vyombo vya habari, 2 Novemba ni ya kupinga kutoadhibiwa kwa wanaowadhuru waandishi.

Aliyemchukua mwandishi wetu si serikali, ni kundi lenye silaha linaloushika mji. Umoja wa Mataifa utatusikiliza? – Msomaji, Bukavu

Ndiyo. Kikosi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliopotezwa, kilichoundwa 1980, kinafanya kazi zake kupitia Geneva, na tangu 2019 kinaweka kumbukumbu pia za vitendo vya makundi yasiyo ya dola. Si lazima nchi iwe imeridhia mkataba wa kimataifa wa 2006 wa kuwalinda watu wasipotezwe. Kisichofanyika pale ni kumhukumu mtu: kazi yake ni kuuliza alipo aliyepotea na kuendelea kuuliza.

Fomu ya Kikosi Kazi inayorudishwa mara nyingi imekosa kimoja kati ya hivi: jina kamili, tarehe, mahali alipochukuliwa au alipoonekana mwisho, nani anadhaniwa kuhusika, hatua mlizochukua kumtafuta (zile karatasi zenu za polisi), na ridhaa ya familia ikiwa mpelekaji si ndugu. Andikeni kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Tukio likiwa halijapita miezi mitatu hupitishwa kwa njia ya haraka, hivyo msisubiri ushahidi ukamilike. Mkishaletewa jibu la serikali mna miezi sita ya kulipinga. Familia nyingi hupoteza nafasi hiyo kwa sababu tu barua pepe iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuhama kazi. Wekeni anwani mbili.

Msalaba Mwekundu ni mlango mwingine kabisa. Unatembelea mahabusu za pande zote na kutafuta ndugu waliopotezana, lakini kwa siri, na siri hiyo ndiyo inayoufungulia milango. Fungueni ombi la kumtafuta, kisha msitaje kwenye kampeni lolote watakalowaambia.

Wameokota maiti mtoni, wanataka mke wa mwandishi wetu aliyetoweka aje aseme kama ndiye. Asiposema wanafunga uchunguzi. – Msomaji, Bujumbura

Pole sana kwa familia. Mke asisaini chochote kwa kutazama tu. Jean Bigirimana wa gazeti la Iwacu la Burundi alitoweka 22 Julai 2016, na mwezi uliofuata miili miwili iliyoharibika ilipatikana katika mto Mubarazi. Mkewe alisema hakuna hata mmoja uliokuwa wa mumewe. Maji yakishauharibu mwili, jicho peke yake halitoshi kukubali wala kukataa.

Dai liwe kipimo cha DNA kabla ya kuzika, na kama wanazika, kaburi liwekewe namba na mahali paandikwe. Sampuli nzuri hutoka kwa mama, baba au mtoto wa kumzaa. Damu ya mke peke yake haisaidii, na kaka au dada mmoja pekee hutoa jibu dhaifu. Nyumbani chukueni mswaki na wembe aliokuwa akiutumia yeye tu. Vikaushwe kivulini, kila kimoja kiingie bahasha yake ya karatasi, juu paandikwe tarehe na jina la aliyekichukua. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, ukungu unaota na sampuli inaharibika. Bahasha ikae pakavu, nje ya jua, na funguo awe nazo mtu mmoja.