Jibu: Eti India ya kale ilikuwa na jamhuri?

Mkuu, umeuliza kama kweli zilikuwepo, na ziliishia wapi. Zilikuwepo, karne ya 6 na ya 5 KK, ila usidhani kila mtu alikuwa na sauti. Kule Vaishali, mji mkuu wa Wavajji (mojawapo ya jamhuri hizo, muungano wa makabila) kaskazini ya mto Ganges, waliokaa barazani ni wakuu wa koo za Licchavi, kabila moja la muungano huo. Masimulizi ya Kibudha yanawahesabu 7,707, kila mmoja akijiita raja, yaani mfalme! Mtumwa na kibarua hawakuwa na lao.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na Magadha, ufalme wa Ajatashatru, yule aliyempindua babake, Bimbisara. Inasimuliwa kwamba alimtuma waziri wake Vassakara kwa Buddha kupima upepo kabla ya kuwashambulia Wavajji. Akaambiwa: maadamu Wavajji wanakutana mara kwa mara na kuelewana, hawashindiki. Basi waziri akajifanya amefukuzwa, akapokewa Vaishali, akakaa miaka 3 akimnong'oneza huyu, akimnong'oneza yule. Siku ngoma ya baraza ilipolia, hakutokea mtu, na Ajatashatru akauteka mji.

Mimi naona hapo kuna chumvi. Magadha ilikuwa na kodi, tembo wa vita na ngome mpya pale Pataligama, kando ya mto (ndiyo Patna ya leo). Jeshi la mfalme halisubiri baraza likubaliane.

Wasakya, jamhuri nyingine na ukoo wa Buddha mwenyewe, hawakumsubiri hata Ajatashatru. Hao walisagwa na Vidudabha, mfalme wa Kosala, ambaye mamake alitoka kwao.