Waulize Mafundi: Pampu yawaka na kuzima, mota yaungua

SWALI: Nyumba yetu ni ya ghorofa 3. Mota ya pampu ya maji, ya hp 1 na fezi moja, imeungua mara 2 mwaka huu. Fundi aliyeisuka upya asema umeme wetu ni mbovu. Lakini bomba likifunguliwa, pampu huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, sekunde 10 hazifiki. Je, ndiko kunakoiua?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndiko. Umeme huenda una lawama zake, ila anzeni na hizo sekunde 10.

Mota hiyo kwa volti 240 hula kama ampea 5 ikifanya kazi. Inapoanza kutoka kusimama huvuta mara 5 hadi 7 ya hizo, na joto la koili hupanda kwa mraba wa ampea: ampea mara 6, joto mara 36. Kwa kawaida hali hiyo haimalizi sekunde moja, kisha feni, iliyofungwa kwenye shafti ile ile, huipoza. Yenu huzimwa kabla feni haijafanya kazi yake, ikawashwa tena. Joto hujazana mpaka vanishi ya waya inakauka na kupasuka. Kikomo cha kawaida cha pampu ndogo ni kuwaka mara 20 kwa saa; nyinyi mwakimaliza kabla ndoo chache hazijajaa.

Fundi akiifungua tena, simama uangalie. Ikiwa koili ya kuwashia peke yake ndiyo nyeusi na ile kuu bado ina rangi yake, basi mota iliuliwa na kuwashwashwa, au pointi za swichi ya ndani, inayoikata koili hiyo mota ikishika mwendo, ziligandana. Volti zikiwa chini, aghalabu koili kuu nayo huungua.

Chanzo cha kuwaka na kuzima karibu kila mara ni tangi la presha, lile ambalo upepo wake husukuma maji pampu ikipumzika, lililoishiwa upepo huo. Zima umeme, fungua bomba mpaka geji isome sifuri. Nyuma ya tangi, chini ya kifuniko cha plastiki, mna valvu kama ya tairi la gari. Bonyeza sindano yake. Yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka, nunua mwingine. Ukitoka upepo, upime: uwe baa (kipimo cha presha) 0.2 chini ya presha ambayo pampu huwaka. Swichi ya presha iliyowekwa iwashe kwa 1.4 na izime kwa 2.8 inataka upepo wa 1.2, na pampu ya baiskeli yatosha kujaza.

Ikiwaka usiku watu wamelala, kagueni matangi ya vyoo na valvu ya kuzuia maji kurudi. Pointi za swichi ya presha nazo zitazameni; chumvi ya pwani huzila upesi.

SWALI: Msumeno wangu wa mbao ni fezi tatu, kW 4. Niuzime kila nikimaliza ubao ili niokoe umeme?
Seremala, Changamwe

JIBU: Ubao wa pili ukiwa karibu, uache uzunguke. Bila mzigo, uniti zinazoliwa ni chache, na diski nzito huifanya mota ichukue sekunde kadhaa kushika mwendo, zote za ampea nyingi. Ukienda kunywa chai, zima. Swichi ya sta-delta, ya kuwashia mota kwa hatua mbili, hupunguza ampea za kuanzia hadi theluthi, lakini hurefusha muda wa kushika mwendo, na rota, sehemu ya mota inayozunguka, hupata joto lile lile. Usiichukue kama ruhusa ya kuwasha ovyo. Wakati wa kubadilisha diski, kata umeme kwenye meni swichi, kitufe pekee hakitoshi.