Weka Kitambaa Chini, Soma Maandishi Kwanza

Jumanne iliyopita, baada ya swala ya isha, niliingiwa na ujumbe kutoka Lamu. Kijana wa Langoni ameandika: "Shikamoo kaka. Babu yetu alikuwa mpiga picha. Kwenye sanduku lake nimekuta kitu kama tochi ndefu, kina kitufe chekundu na kijicho cha kioo. Nimeanza kukisugua kwa dawa ya shaba, kinang'ara vizuri. Ni kile cha kwenye sinema?" Ameambatanisha picha mbili, zote zimetikisika.

Nilimpigia papo hapo. Hata salamu sikuzimaliza. Nilimwambia weka kitambaa chini, usiguse tena, nakuja.

Najua wengi mnaonisoma mna hamu hiihii. Mkiona sinema ya anga za mbali hamtazami nyota, mnatazama chombo alichoshika mtu mkononi na kujiuliza kimetengenezwa kwa kitu gani. Kwa hiyo sina haja ya kueleza kwa nini mtu mzima apande basi kutoka Malindi, apite Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha aingie kwenye boti, kwa ajili ya mpini wa flashi, yaani kishikio cha taa ya kamera za zamani. Ninachotaka kueleza ni kwa nini moyo ulinienda mbio.

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha hapa Malindi. Kazi yake kubwa ilikuwa wageni wa uvuvi: mtu akirudi na sulisuli au nduaro, samaki ananing'inizwa, mgeni anasimama kando, mjomba anainua kamera kubwa ya sahani yenye mpini wa fedha ubavuni. Balbu za zama zile zilikuwa za kuwaka mara moja tu. Ikishawaka, kioo kinavimba vijipele na kuwa cheupe kwa ndani, naye huitoa ingali moto na kuidondosha mchangani. Sisi watoto tulikuwa tukiziokota. Mjomba ndiye pia aliyetusimulia siku ya 12 Desemba 1970, roketi ya Scout iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini upande wa Ngomeni, ikabeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa sababu siku ile ilikuwa sikukuu yetu. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mambo ya anga ni ya wenyewe huko ng'ambo. Yalipita juu ya paa zetu.

Mjomba alipofariki, shangazi alinipa katoni ya vyombo vyake. Kamera ilikuwa imeliwa na kutu na chumvi. Ule mpini wa fedha ulikuwa mzima. Niliusugua ukang'ara, nikauweka dirishani, na mgeni mmoja akaununua kwa shilingi 1,500. Nilijiona mjanja, maana nilikuwa nimeuza tochi isiyowaka.

Miezi minane baadaye nilikuwa kwa rafiki tukitazama Star Wars ya mwaka 1977. Yule mzee anampa kijana upanga wa nuru wa baba yake. Nikamwomba rafiki asimamishe picha. Kitufe chekundu. Kijicho cha kioo. Kibano katikati chenye mkono wa kufungia. Ule ulikuwa mpini wa mjomba, mpini wa flashi wa Graflex, uliokuwa ukibeba betri tatu kubwa na kufungwa ubavuni mwa kamera za Speed Graphic walizozitumia wanahabari wa Marekani. Kamera ya aina hiyo ndiyo iliyopiga ile picha ya askari wa Marekani wakisimamisha bendera kisiwani Iwo Jima mwaka 1945. Niliketi pale nikatazama kiganja changu. Ninaandika haya na bado kinaniuma, na si kwa sababu ya fedha tu. Shangazi hakuwahi kuniuliza uko wapi.

Miaka miwili ya kujifunza naipita haraka, ilikuwa ya macho kuuma na umeme kukatika. Nilichojifunza ni hiki. Aliyepamba seti za sinema ile, Roger Christian, hakuwa na fedha za kutengeneza kila kitu upya. Aliikuta mipini ile kwenye duka la kamera London, akagandisha vipande vyeusi vya kushikia, akaweka pete ya kuning'inizia mkandani, na ndani ya kibano akapachika kijistari cha vioo vidogo kutoka kwenye kikokotoo. Kazi yake na wenzake ilipata Oscar. Upanga wa Vader, yule adui wa mavazi meusi, ulitoka kwenye mpini mwingine, MPP Microflash wa Uingereza, na kwa miaka mingi wapenzi walibishana kama ni huo au ni Heiland wa Marekani, kwa jinsi mipini hiyo inavyofanana ukiiona kwa mbali. Upanga wa Obi-Wan, yule mzee niliyemtaja, ndio mchanganyiko hasa: bomba la injini ya ndege ya Rolls-Royce, kombora la bunduki la vita vya kwanza vya dunia, kishikio cha bomba la maji, na katikati kibano cha Graflex. Kwa hiyo ukikuta kibano peke yake, bila mpini, usikitupe.

Sasa naungama la pili, nalo ni zito zaidi. Nilipokwisha kujua Graflex nilijaa majivuno. Watu walianza kuniletea vitu. Jirani mmoja wa Barani alinijia na mpini uliopauka, nikautazama nikiwa nimesimama mlangoni, sikuupokea hata mkononi. Nikamwambia, "Si Graflex, hauna thamani." Akaenda zake. Wiki ileile aliupeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ukapimwa kwenye mzani pamoja na sufuria zilizotoboka. Usiku mmoja nikiwa kitandani ndipo nikakumbuka kwamba karibu na kidole gumba chake niliona herufi tatu zenye nukta: M.P.P. Nilimwendea kumwomba radhi. Alinisamehe kwa maneno mazuri, lakini tangu siku hiyo hajaniletea kitu, nami sina wa kumlaumu.

Ndugu zangu, nawasihi. Kitu cha kwanza ni maandishi. Geuza mpini, soma kitako. Kama ni Graflex utakuta jina la kampuni na mji wa Rochester, New York. Ukikuta Folmer Graflex, hilo ndilo jina la kampuni kabla ya 1945, na baada ya hapo ni Graflex Inc. Herufi hizo zimegongwa kwenye chuma chembamba, na kila ukisugua unazila. Dawa ya shaba haijui tofauti ya uchafu na historia. Soma kwanza. Piga picha kwenye mwanga wa asubuhi, kingo za herufi zitoe kivuli. Kisha soma tena.

Kisha fungua. Mipini ya kuiga imejaa sokoni, na mingi ni mizuri kwa macho, lakini ndani ni mitupu na misafi kama bomba jipya la maji. Mpini uliofanya kazi una alama zake: springi, vipande vya kupitisha umeme, duara la kijani mahali betri ilipovuja, michubuko ya betri zilizoingia na kutoka miaka na miaka. Chumvi ya pwani huongeza yake. Usiione chumvi ile kama aibu.

Na usikurupuke kulinganisha na sinema kabla hujakitazama kitu chenyewe. Hapa wengi huanguka, hata wasomi wa mambo haya. Chukua jicho jekundu la HAL 9000, kompyuta inayozungumza katika sinema ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968. Lenzi tunayoiona usoni mwa kile chombo ni Nikkor ya milimita 8. Lakini picha za vile HAL anavyowaona watu zilipigwa kwa lenzi nyingine kabisa, Fairchild-Curtis, kubwa zaidi ya mara mbili kwa upana. Lenzi inayoonekana na lenzi inayoona ni mbili, na mtu asiyetulia atauza moja kwa jina la nyingine. Hata vyombo vya kubebea kamera vimo: zile bunduki nzito za sinema ya Aliens, 1986, zilikuwa bunduki za rashasha za MG 42 zilizoning'inizwa kwenye mkono wa Steadicam, kile chombo cha mpigapicha wa sinema kinachozuia picha isitikisike. Tazama vyombo vya kazi, utajua sinema. Ukianza na sinema, kila bomba litakuwa upanga.

Lingine ni kusoma maandishi. Narudia kwa makusudi.

Basi nilifika Lamu siku ya Ijumaa adhuhuri. Kijana alinipokea gatini, tukapita vichochoro hadi kwao, akaweka mkeka, akaleta sanduku. Nusu ya mpini ilikuwa inang'ara kama sinia ya arusi, nusu imefifia rangi ya maji ya mvua. Mikono ilinitetemeka. Niliugeuza. Bahati ilikuwa upande wetu, kwa kuwa alianza kusugua juu: kitako kilikuwa hakijaguswa, na Rochester ilisomeka herufi kwa herufi. Tulilegeza kibano, tukautenganisha mpini vipande viwili, na ndani kulikuwa na duara lile la kijani, springi nzima, na kijikaratasi kilichokunjwa mara nne ili kuikaza betri isicheze. Alikuwa ameniuliza bei tangu gatini. Nilimtajia bei ya haki, nikamwambia mimi mwenyewe sinunui, na kwamba asiuze kabla hajawauliza wakubwa wa nyumba.

Bibi yake alikuwa ndani akitusikia. Akatoka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nipe hicho."

Nilimpa. Hakukitazama. Alikipokea kwa mkono wa kushoto, kitako chini, akakiinua hadi usawa wa shavu, kidole gumba kikatua chenyewe juu ya kitufe chekundu. Mkono wa kulia ukabaki hewani, umeshikilia kamera isiyokuwapo.

"Alikuwa akishika hivi," akasema. "Halafu anatuambia tusipepese macho."