Muulize Daktari wa Dharura: Mbona Aliyekuja Nyuma Yangu Ameingia Kwanza?

Barua za mwezi huu karibu zote zinalalamikia kitengo cha dharura. Mimi nimezeekea humo, zamu za usiku zaidi kuliko za mchana, kwa hiyo nitawajibu kama mtu wa ndani asiyetumwa na hospitali yoyote.

Daktari, nilijikata kidole kwa kisu, damu inachuruzika, nikakalishwa kwenye benchi zaidi ya saa tatu. Akaja bwana mmoja kwa miguu yake, amejishika kifua, shati limelowa jasho, hana hata mkwaruzo. Akapitishwa moja kwa moja. Huko si kujuana?

Pole na kidole, ndugu yangu. Sisemi kujuana hakupo duniani, ila kwa bwana huyo umenipa sababu mwenyewe: kifua na jasho. Mtu mzima aliyejishika kifua, ngozi ya baridi, jasho linamtoka naye ametulia tuli, nikimwona mlangoni naacha ninachoandika. Anatakiwa apimwe umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu afike. Wengi wenye maumivu ya kifua hawakutwi na mshtuko wa moyo, hilo ni kweli. Lakini mshipa wa moyo ukiziba, msuli unaoutegemea huanza kufa, na msuli huo ukishakufa hauoti tena. Ndiyo maana hatungoji kujua kama ni yeye au si yeye.

Kidole chako nacho hakikupuuzwa. Umeandika kwamba nesi alikibana kwa shashi, akakuminya ukucha, kisha akakuambia ukunje na ukunjue. Ukaona anapoteza muda. Alipominya ukucha alitaka kuona kama wekundu unarudi upesi, maana yake damu inafika nchani. Ulipokunja, alijua kano hazijakatika. Damu ikikubali kusimama kwa kubanwa, jeraha safi la namna hiyo linaweza kushonwa saa kadhaa baadaye na likapona vizuri.

Hospitali nyingi hupanga wagonjwa kwa rangi. Katika mfumo uliobuniwa Afrika Kusini, ambao umesambaa hadi nchi nyingine, mwekundu anahudumiwa papo hapo, wa rangi ya machungwa ndani ya dakika 10, wa manjano ndani ya saa moja, na wa kijani ndani ya saa nne. Bila shaka wewe ulikuwa kijani. Rangi hizo hazitolewi kwa kumtazama mtu usoni: nesi huhesabu pumzi na mapigo ya moyo, hupima presha na joto, huangalia kama mtu ana fahamu zake na kama anatembea, kila kimoja kinapewa alama, kisha alama zinajumlishwa. Wazo lenyewe ni la zamani. Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, alishikilia kwamba majeruhi watibiwe kwa uzito wa majeraha yao, cheo kisiangaliwe.

Na kwa kuwa wawili wengine wameuliza kama kupiga kelele kunasaidia: anayepiga kelele ana hewa ya kupigia kelele. Mtoto anayelia kwa nguvu hanitishi sana. Nakimbilia yule aliyelegea begani kwa mama yake, hashtuki hata akichomwa sindano.

Shikamoo Daktari. Mama yangu alikutwa ameanguka, mdomo umepinda, mkono umelegea. Tulipofika, kabla ya kuulizwa lolote wakamtoboa kidole, wakamwekea oksijeni na dripu. Baadaye watu watatu tofauti wakaniuliza maswali yale yale. Hawaelezani?

Marahaba, mwanangu. Nianze na kidole. Sukari ikishuka sana, mtu anaweza kupinda mdomo, kulegea upande mmoja na kupoteza kauli, ukaapa ni kiharusi. Tone moja la damu linatoa jibu kwa sekunde chache, na kama ni sukari, glukosi ya mshipani humrudisha ukiwa bado umesimama hapo. Ugonjwa unaofanana na mwingine, unaopimika haraka na kutibika haraka, huwa tunauondoa kwanza.

Hayo mengine waliyofanya yana mpangilio, na mpangilio haubadiliki hata mgonjwa awe nani: kwanza njia ya hewa iko wazi? Anapumua vya kutosha? Damu inazunguka? Fahamu zikoje? Halafu ndipo mwili mzima unafunuliwa na kukaguliwa. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, kwa hiyo hakuna maana ya kujua jina la ugonjwa wa mtu ambaye hapumui. Tatizo likipatikana hatua ya kwanza, linatatuliwa hapo hapo kabla ya kwenda ya pili. Kwa wagonjwa wa ajali mpangilio huu ulienea baada ya msiba wa daktari mmoja Mmarekani, James Styner, ambaye ndege yake ndogo ilianguka Nebraska mwaka 1976. Mkewe alifariki, watoto wake wakaumia vibaya, na huduma waliyopata hospitalini ilimsikitisha. Yeye na wenzake wakaanzisha mafunzo ya kuwahudumia majeruhi kwa hatua, na leo yanafundishwa nchi nyingi.

Sasa maswali yale yale. Tunaelezana, lakini maelezo ya mtu aliyepaniki hubadilika kila anapoyarudia, na tunangojea hayo mabadiliko. Wa kwanza anaambiwa, "Imemwanza asubuhi." Wa pili anaambiwa, "Aliamka nayo." Wa tatu anamuuliza kijana aliyekaa kimya pembeni, naye anasema, "Saa kumi na moja alfajiri aliniitikia vizuri, nikarudi kulala." Kijana huyo ametupa saa tuliyoitafuta. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na dakika 30, na hesabu inaanza pale mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, haianzi pale alipokutwa.

Iko sababu nyingine, ya sisi wenyewe. Kadi ikishaandikwa "vidonda vya tumbo", macho ya daktari anayefuata huona vidonda vya tumbo. Kwa hiyo wengine tuna mazoea ya kuikunja kadi, kumsalimia mgonjwa na kuanza upya. Inachosha, najua. Vumilia.

Dada yangu aliumwa tumbo la chini. Wakampima mimba ingawa alisema hana, akaona wamemdharau. Mwishoni wakamrudisha nyumbani bila kumwambia anaumwa nini. Hiyo ni huduma kweli?

Kwetu, mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo anahesabiwa kuwa na mimba mpaka kipimo kikatae. Haihusiani na tabia yake. Mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kupasua mrija, damu ikamwagikia ndani ya tumbo bila tone kuonekana nje, na wapo waliokuwa hawajui kama ni wajawazito. Kipimo ni cha mkojo tu.

Kurudishwa bila jina la ugonjwa ni jambo la kawaida. Swali letu la kwanza ni: kitu gani kinaweza kumuua huyu leo, na je, ndicho hiki? Kwa tumbo tunawaza mimba hiyo, kidole tumbo, utumbo uliojisokota au kutoboka, na wengine kadhaa. Tukishawakataa wote, kinachobaki mara nyingi kinaweza kutafutwa taratibu kliniki. Kosa lingekuwa kumwacha aondoke bila kumwambia arudi lini. Kama hakuambiwa, nasema mimi: maumivu yakizidi au yakihamia upande mmoja, homa, kutapika kusikokoma, kizunguzungu akisimama, kuzimia, au damu ukeni, arudi hata kama ni usiku wa manane.

Nikifika na mgonjwa mahututi, nianze kusema nini?

Kilichobadilika, na saa kilipobadilika. Kisha dawa anazotumia na zile zinazomdhuru. Historia ya miaka kumi iliyopita iache, tutaiuliza. Dawa msizieleze kwa rangi ("vile vidonge vyeupe"), maana vyeupe ni vingi mno. Njooni na pakiti zenyewe, na kama anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, itajeni kabla hamjakaa.