Mche hauumwi, unautibu nini?

Swali: "Mwalimu shikamoo. Kwenye ripoti yangu nimeandika 'matibabu ya baridi yanaathiri umetaboli wa asidi nyuklia kwenye miche ya ngano'. Ni asidi nyuklia au asidi nukleiki?"

Marahaba. Andika nukleiki, ndizo hizo DNA na RNA, nyuklia waachie wenye mabomu, ingawa yote mawili yametoka kwenye Kilatini, neno la kokwa au kiini. Hilo limeisha, sasa tuje kwenye yale ambayo hukuuliza.

Matibabu! Mche unaumwa nini? Umeuweka kwenye nyuzi 4 wiki kadhaa, basi sema "miche iliyowekwa kwenye baridi", nani atakulaumu.

Ila hilo navumilia, kinachonitoa jasho ni "yanaathiri". Athari ni Kiarabu, alama inayobaki, na mtu akisikia fulani kaathirika anajua kuna balaa. Sasa ngano ile inayopandwa kabla ya majira ya baridi, baridi kwake si balaa bana, inaitaka, isipoipata inachelewa sana kutoa masuke. Tuchukue jeni moja tu, VRN1, ile inayoiruhusu ngano kutoa masuke. Kwenye mche mchanga imelala, baridi ikidumu inaanza kunakiliwa na RNA yake, yaani nakala zake, inapanda taratibu kadiri wiki zinavyokwenda, na mche ukirudishwa kwenye joto jeni inabaki macho. Herufi za DNA hazijabadilika hata moja, zilizobadilika ni alama za kikemikali kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imejizungusha. Haya niambie, hapo kimeathiriwa nini? Jeni imeamshwa! Halafu kuna RNA zenyewe, kwenye baridi zinajikunja na kung'ang'aniana mpaka ribosomu, vile viwanda vya protini ndani ya seli, zinapata taabu kuzisoma, na ngano inaongeza protini ya kuzikunjua. Kuamshwa, kunakiliwa, kupanda, kujikunja, kukunjuliwa, vitenzi vyote hivyo vipo bure kabisa, we unaviacha unashika kimoja kisichosema kitu. Ukiandika "baridi inaathiri" umesema kuna jambo limetokea, na msimamizi wako alilijua hilo kabla hujawasha friji.

Kwenye kichwa cha ripoti weka "athari" ukitaka, vyuo vyote wanaweka na mi nishachoka kugombana na vichwa vya ripoti. Ila ukifika kwenye matokeo niambie RNA gani, ilipanda au ilishuka, na baada ya siku ngapi.