Usiisugue hiyo pesa ya bibi yako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga kanitumia picha wasap, sarafu kumi na moja kazipanga juu ya kanga, chini kaandika, "Shikamoo kaka, hizi nimezikuta kwenye sanduku la marehemu bibi, nimeshazisugua vizuri na Colgate na stilwaya, naomba unisaidie bei."

Nimeziangalia zile picha mpaka chai ikapoa. Zinang'aa kama vifuniko vya soda. Reale mbili za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za madini ya fedha zenye sura ya malkia wa Austria, zinang'aa, rupia ya Mjerumani inang'aa, na ile pesa ndogo ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria yenye picha ya mizani, imekwanguliwa mpaka mizani yenyewe unaiona kwa tabu. Sikumjibu mpaka usiku. Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya yaleyale nikiwa na miaka kumi na moja, na pesa ilikuwa hiyohiyo ya Barghash.

Najua wengi mnaonisoma mnataka muwe na mkusanyo wenu wa maana na kila siku mnaniuliza nilianzaje. Basi leo nasimulia.

Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja. Mwaka 1984 Kiponda kulikuwa na duka uchochoroni, mlango mmoja tu, barza nje, na mwenyewe alikuwa fundi saa, mzee wa Kihindi aliyezaliwa palepale, Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu. Sisi watoto tukimwita Babu Saa. Saa ndo zilikuwa zikimlisha lakini moyo wake ulikuwa kwenye sarafu. Alikuwa na meza ya kioo na ndani kazipanga juu ya kitambaa cha buluu, na pembeni kikapu cha sarafu zilizochakaa ambacho watoto tulikuwa tunaruhusiwa kuchakurachakura. Duka lilinukia mafuta ya cherehani na ubani, mpaka leo nikisikia ile harufu narudi pale moja kwa moja.

Nilikuwa nikitoka chuoni jioni, juzuu kwapani, nasimama mlangoni. "Shikamoo babu." "Marahaba. Mikono umekosha?" Kila siku ya Mungu ndo lilikuwa swali lake. Nje aliweka ndoo na kata, unakosha, unafuta mpaka ikauke kabisa, ndo unaingia. Ukishika sarafu unashika pembeni, vidole viwili, usoni huigusi, na unaishikia juu ya kitambaa ili ikikuponyoka isigonge sakafu. Nilidhani ni ukali tu wa wazee. Baadae sana ndo nikaja kujua jasho la kidole linaacha alama kwenye shaba na ile alama haitoki.

Na bei hakuwahi kunitajia. Alikuwa anauliza, "Hii unadhani imepita kwa nani?" Halafu anasimulia. Kwake ndo nilijua kwamba neno pesa tunalolitumia kila siku lilikuwa jina la sarafu yenyewe, kile kisarafu cha shaba, na pesa sitini na nne ndo rupia moja. Kwake ndo nilijua kwamba ukisema huna hela unataja sarafu ya Mjerumani, maana mwaka 1904 Mjerumani kule bara aliacha hesabu ya sitini na nne, akaigawa rupia kuwa heller mia, Mswahili akasema hela na mpaka leo ndo hiyohiyo. Mimi ni mtoto wa darasa la nne naambiwa kwamba mdomoni mwangu kuna sarafu za watu waliokufa zamani! Nilirudi nyumbani nikamwambia kila mtu.

Halafu zile za Tabora. Wakati wa Vita ya Kwanza Waingereza waliziba bahari, meli za Ujerumani haziji na sarafu hakuna, basi mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kupiga pesa zao wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Heller ishirini, nyingine shaba nyekundu nyingine shaba nyeupe, zina herufi T, na ukizitazama unaona kabisa zimefanywa na watu wenye haraka. Wakapiga na ya dhahabu, rupia kumi na tano yenye tembo, dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Ile ya dhahabu Babu Saa hakuwa nayo, alikuwa na picha yake kitabuni, ananionesha kwa kidole bila kuigusa hata hiyo picha.

Ya kwanza kununua kwa pesa yangu ilikuwa senti kumi ya tundu ya 1936. Tafuta kwenye makopo yenu huko, zipo nyingi tu. Inaandikwa jina la Edward VIII, yule mfalme wa Uingereza aliyeacha ufalme Disemba ya mwaka huohuo kabla hajavikwa taji. Kwao Uingereza pesa yenye sura yake haikuwahi kuingia mtaani. Huku kwetu senti za tundu hazina sura ya mtu, jina tu na pembe za ndovu, kwa hiyo zilikuwa zimeshapigwa na zimeshakuja. Mfalme ambaye wenyewe hawakuwahi kumtia mfukoni, bibi zetu walimfunga kwenye pindo la kanga na kununulia vitumbua. Nililipa shilingi mbili na sikulala usiku ule.

Sasa nije kwenye kosa. Bibi yangu alifungua pindo lake siku moja akanipa pesa ya Barghash, yenye mizani, rangi ya kahawa iliyoiva, akasema ilikuwa ya mama yake. Mimi nikataka kumfurahisha Babu Saa. Nikachukua ndimu na jivu, kama tulivyokuwa tunasugua sinia za shaba kabla ya Iddi, nikasugua mchana kutwa mpaka ikawa nyekundu inamemeta, nikakimbia nayo dukani, mikono nimekosha safi kabisa. Akaivalia kile kioo chake cha jicho. Akanyamaza. Kisha akanirudishia mkononi, hakuiweka kwenye kitambaa, na mimi nikaona hilo. "Umeichuna ngozi," akasema, basi, hakunigombeza. Ila nilikaa mwezi mzima siruhusiwi kupita nyuma ya meza.

Lile neno lilikuwa sahihi kabisa, wala halikuwa la kunitisha. Shaba inapokaa na hewa miaka inajitengenezea ule weusi wa kahawa wenyewe, taratibu, na ule ndo unaoilinda. Ndimu inaula ule weusi, jivu linakwangua maandishi yaliyoinuka kwanza, yani pale pale penye uzuri wake. Colgate ni hivohivo, na stilwaya ndo balaa kabisa. Mnunuzi anayejua akiiinamisha kwenye mwanga anaona mikwaruzo yote, anashusha bei au anairudisha mezani. Uchafu unaweza kuutoa kesho, ngozi ukishaitoa ndo basi. Usisafishe.

Miaka ya sekondari naipita, nilihamia Dar, duka likafungwa nikiwa huko na sikumuaga, hilo bado ninalo moyoni.

Mwaka 2001 nilikuwa na shida ya ada. Bibi kashafariki, kaniachia reale moja, iliyokuwa ya mahari yake. Nikaipeleka kwa mfanyabiashara mmoja, simtaji. Akaigeuzageuza, akasema ni feki, eti imeandikwa 1780 halafu inaonekana mpya, haiwezekani, akanipa hela ya kula siku mbili. Nikapokea. Mimi, niliyelelewa na Babu Saa, nikapokea.

Ukweli ni huu na ushike: reale za Maria Theresa zinazopatikana huku kwetu karibu zote zinaandikwa 1780. Huo ndo mwaka aliofariki Maria Theresa, na wafanyabiashara wa huku kwetu na Uarabuni walishaizoea sura yake, hawataki nyingine, basi Vienna wakaendelea kuzipiga na tarehe ileile, baadae mpaka Rome na London na Bombay zikapigwa. Tarehe haikwambii kitu. Kinachokwambia ni mizani: inatakiwa iwe gramu 28 na kidogo. Kinachokwambia ni ubavuni, pana maandishi ya Kilatini yameinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Na sumaku isiishike, maana ni fedha, sehemu 833 katika elfu. Sonara yeyote ana mizani, ningepita kwa sonara dakika tano tu ningejua. Na tuseme kweli, zilipigwa nyingi mno, ya kawaida haiwi na thamani kubwa kuliko fedha iliyomo, yule bwana hakuninyima utajiri. Alichonichukulia ni mahari ya bibi yangu, na alinidanganya usoni kwa sababu aliona nina njaa. Kwa hiyo usiuze siku una shida. Na pima kwanza, sisemi mara moja, pima kwanza.

Vilevile zile shilingi za simba za mkoloni, watu wanaziuza fungu moja. Za 1921 mpaka 1946 zina robo ya fedha ndani, za 1948 kuja juu hazina kabisa, na simba ni yuleyule. Soma mwaka! Na ukiokota vile visarafu vyembamba vya Kilwa, vyenye majina ya masultani, hivo sio vya kuuza hata kidogo, kwa bara sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, vipeleke kwa watu wa Mambo ya Kale, waambie umeviokota wapi hasa, maana mahali ndo nusu ya habari yake.

Mimi nimesemwa sana. Kwenye familia nimeitwa mtunza takataka, nimeambiwa ninunue kiwanja. Mwezi uliopita nimekamilisha senti za Zanzibar za 1908, za Sultani Ali bin Hamud, zenye mnazi, senti moja, senti kumi na senti ishirini, zote tatu, miaka ishirini na mbili nazitafuta. Ile senti ishirini ilipofika nilikosha mikono mara mbili. Na walewale walionisema sasa wananiletea wageni nyumbani waje kuangalia. Nimefika hapa kwa subira, sio kwa hela, nyie vijana mnaotaka bei kabla hamjajua hata mmeshika nini mtauza vya bibi zenu vyote halafu mje mlie. Uliza kwanza imepita kwa nani. Andika kwenye karatasi, weka pamoja nayo kwenye bahasha ya karatasi, sio zile plastiki laini zinazonuka, zinaacha ukijani.

Yule kijana nilimjibu usiku. Sikumpa bei. Nilimtumia picha ya pesa yangu ya Barghash, ninayo mpaka leo, miaka arubaini sasa na rangi haijarudi, imekuwa wekundu wa ajabu juu ya maandishi na weusi kwenye mashimo. Nikamwambia amuulize mama yake zile kumi na moja zilikuwa za nani.

Asubuhi kanitumia sauti ya mama yake, dakika tisa. Reale ni za mahari, kama za kwetu. Ile rupia, babu yake mama alilipwa kwenye shamba la mkonge, akaikataa kuitumia, mpaka akafa. Nimeisikiliza mara tatu nikiwa na daftari.