Pamba ikifungwa, na nyumbani kununa?

Ndugu yangu, unasema timu yako ya Mwanza, Pamba Jiji, ikifungwa huli, humsemeshi mkeo mpaka Jumatatu, na wenzako wa Simba na Yanga kazini wanakucheka. Unauliza kama uhamie kwao.

Usihame. Hata ukihama, timu ya nyumbani haikutoki. Wewe Lindanda, hiyo Pamba yetu, imekukaa damuni, na kumbuka ilishuka daraja 2001 ikarudi Ligi Kuu 2024. Watu wa Mwanza tumezikwa tukafufuka: 2017 Mbao FC ya hapa kwetu walifika fainali ya Kombe la FA, Simba wakawafunga 2-1 dakika za nyongeza pale Dodoma. Mwaka huohuo Toto Africans, nao wa hapahapa, wakashuka daraja. Kwa hiyo uchungu wako una wenzake wengi.

Ila kununiana na mke, hapana. Hakukosa penalti yeye.

Kwanza, acha kuiweka timu yako kwenye mkeka wa kubeti. Nashuku nusu ya hasira yako ni ya hela (usinibishie). Pili, siku ya mechi nenda uwanjani Kirumba mwenyewe. Ukikaa jukwaani na wazee wanaomtukana kocha kwa Kisukuma huku wanamenya karanga, unatoka umeshacheka. Ukifuatilia kwenye simu sebuleni, kila kona inakupandisha presha peke yako. Ikifungwa, zima lile kundi la WhatsApp usiku ule, pitia mwaloni kwa wauza samaki ununue sato, mpelekee mama watoto. Matokeo mwambie mkishakula.

Kazini nako, wakianza utani waulize tu: wao kwao ni Kariakoo, Dar, zilipo Simba na Yanga?